KUSUSA SI KUSUSIA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika darasa la jioni)



Kila siku twasikia watu wakisema, "Tupige boycott!" Bei ya nyama ikipanda, boycott. Mwenye duka akijibu vibaya, boycott. Neno hili la Kiingereza limezoeleka midomoni mwetu, lakini ni wachache wanaojua kuwa kwanza lilikuwa jina la mtu. Jioni hii yafaa tulifahamu, kwani ashikaye panga asilolijua huweza kujikata mwenyewe.

Mtu huyo ni Charles Boycott, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1832 na aliyepata kuwa askari. Alikaa Mayo, magharibi ya Ireland, karibu na ziwa la Lough Mask, akimsimamia mashamba kabaila mmoja, Lord Erne. Wakati ule Ireland nzima ilikuwa chini ya Uingereza, na wakulima wengi walilima ardhi ya makabaila kwa kulipa kodi. Njaa ya mwaka 1845 hadi 1849 ilikuwa imeua watu wapatao milioni moja. Mavuno ya 1879 yalipoharibika tena, watu waliona kifo kinarudi. Mwezi Oktoba mwaka huo wakaunda umoja wao wa kutetea ardhi, Land League, rais wake akiwa Charles Stewart Parnell.

Tarehe 19 Septemba 1880 Parnell alihutubia mkutano mjini Ennis. Aliuliza: mtu akichukua shamba alilofukuzwa mwenzake, afanywe nini? Sauti zikajibu kwamba apigwe risasi. Parnell akasema iko njia iliyo bora zaidi, nayo ni kumtenga. Asisalimiwe njiani, asihudumiwe dukani, asisogelewe sokoni.

Siku zile zile wakulima wa Lord Erne walikuwa wakitaka kodi ipunguzwe kwa asilimia 25, naye alikubali 10 tu. Boycott akapeleka hati za kuwafukuza. Basi watu wakamtenga yeye. Vibarua wakaacha shamba, watumishi wakaondoka nyumbani, mhunzi akakataa kazi yake, wenye maduka wakakataa fedha yake. Mazao yakabaki ardhini. Mwezi Novemba wakaletwa watu 50 kutoka kaskazini kuyavuna, wakilindwa na askari wapatao 1,000. Ilikadiriwa kuwa zilitumika pauni 10,000 kuokoa mazao ya pauni 500 hivi. Kabla ya mwaka kwisha Boycott aliondoka Mayo na jamaa yake chini ya ulinzi wa askari. Mwaka 1881 Bunge la Uingereza likapitisha sheria iliyowezesha mahakama kupanga kodi ya haki.

Yasemwa kuwa neno lenyewe lilibuniwa na padre wa pale, John O'Malley, aliyeona neno la wasomi ni gumu kwa wakulima. Kabla ya mwaka huo kwisha magazeti ya London yalikuwa yakiliandika, na baadaye Wafaransa, Wajerumani na Warusi nao wakalichukua.

Sasa tuje katika Kiswahili chetu. Tunayo maneno mawili, kususa na kususia. Mtoto aliyekasirika husukuma sahani pembeni, huyo amesusa. Wahenga walimjibu zamani: ukisusa, wenzio wala! Hasira ya mmoja haipunguzi chochote katika sufuria. Lakini nyumba nzima ikikubaliana kutokula, mpishi hana budi kuuliza kuna nini. Huko ndiko kususia. Watu wa Mayo hawakumshinda Boycott kwa kununa. Walimshinda kwa sababu hakupatikana jirani wa kula walichokiacha wao, mpaka ikabidi watu waletwe kutoka mbali kwa gharama ya ajabu.

Tutazame na kwetu. Mwezi Januari 1958, katika mkutano wa TANU mjini Tabora, wengi walitaka kususia uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ubaguzi ule ulichukiza kweli. Lakini Mwalimu Nyerere aliwaonyesha kuwa chama kikikaa nje, wapinzani wetu wa UTP watajitwalia viti. Yaani wenzio wala. Mkutano ukakubali kuingia, na wagombea waliokubaliwa na TANU wakashinda. Tena Mwalimu huyo huyo, tarehe 26 Juni 1959, alisimama London katika mkutano ulioanzisha kususia bidhaa za Afrika Kusini. Hakujipinga. Kule Tabora kiti kilichoachwa kingepata mtu wa kukikalia. Kule London tunda lisilonunuliwa lingeoza mikononi mwa muuzaji.

Kwa hiyo, ndugu zangu, siku mwenzetu atakaposimama mkutanoni na kusema tususie, tusimpigie makofi upesi, wala tusimzomee. Tumwulize mambo matatu. Je, tukiacha sisi, nani atakula? Je, mnyonge kati yetu atakayekosa kibarua atalishwa na nani wakati tunangoja? Je, tunataka nini hasa, ili tukikipata tujue kuwa tumekipata? Watu wa Mayo walijua jibu la swali la mwisho mpaka hesabu yake: asilimia 25.

Akijibu yote matatu, tumfuate sote, pasibaki hata mmoja wa kuingia kwa mlango wa nyuma. Akishindwa kujibu, tumwambie kwa upole kuwa huko si kususia; ni kususa, na chakula kitaliwa.