Spika Inayonguruma Kabla Simu Haijaita

Wanafunzi, na ninyi majirani mliokuja kwa ajili ya ule mnara wa simu mnaotaka uhamishwe:

Kwanza sikilizeni. Mezani nina spika ndogo, nimeiwasha, haipigi wimbo wowote. Kando yake kuna kiswaswadu changu cha zamani. Mwanafunzi pale nyuma ananipigia. Tirit-tit, tirit-tit, zzzz... Na simu bado haijaita! Mlio huu umewahi kuvuruga taarifa ya habari redioni, na msikitini umewahi kumwumbua mtu aliyesimama karibu na maikrofoni akiwa na simu mfukoni.

Simu za kizazi cha pili, kama kiswaswadu hiki, hugawana masafa yale yale kwa zamu, hadi nane. Kila moja hurusha mkupuo mfupi, hunyamaza ikisubiri zamu yake, hurusha tena: mara 217 kwa sekunde. Mawimbi yenyewe, ya megahezi 900, sikio haliyasikii, ila mapigo ya hezi 217 linayasikia barabara. Waya wa spika hugeuka antena, transista zilizomo ndani zinayachuja mawimbi na kubakiza yale mapigo. Kizazi cha tatu hurusha mfululizo, ndiyo maana baadhi yenu vijana mmecheka, hamjawahi kuusikia.

Sasa, mnara. Lugha yetu imetuponza kidogo hapa, maana neno “mionzi” tumelibebesha eksirei na simu kwa pamoja. Eksirei huweza kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu. Mawimbi ya simu hayana nguvu hiyo hata kidogo. Kilichothibitika kwayo ni joto, na kwa kichwa kikomo cha kimataifa ni wati 2 kwa kila kilo, wastani ukichukuliwa katika gramu 10 za mwili. Ni kweli kwamba mwaka 2011 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliyaweka mawimbi haya katika kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Baadaye dondoo la jani zima la mshubiri liliingizwa humo humo.

Umbali ukizidi mara mbili, nguvu hubaki robo. Mnara uko mbali. Simu imegusa sikio. Tena simu hujipima: mnara ukiwa karibu hunong'ona, ukiwa mbali hupiga kelele. Kiswaswadu hiki kinaweza kurusha wati 2, au kikashuka hadi miliwati 3 hivi, tofauti ya zaidi ya mara 600.

Jana usiku niliishusha spika hii stoo pamoja na kiswaswadu, chini ya jengo, ambako mtandao unasumbua, nikapiga simu nyumbani. Ilinguruma muda wote wa maongezi, hata mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Basi ninyi mnaotaka mnara uhamishiwe nyuma ya kilima, nitawaazima spika. Siku ukihamishwa, iwekeni karibu na simu mnapoongea.