Kabla ya Kusema Karogwa

Haya nawaambia ninyi wahudumu wa afya mnaohitimu leo hapa Mbamba Bay.

Mtu akianza kusikia sauti wenzake wasizozisikia, au akashikilia kwamba majirani wanamtilia sumu, jamaa husema karogwa. Sisi wa hospitali nasi, mara nyingine, hukimbilia kuandika skizofrenia. Skizofrenia ipo, na dawa zake zipo. Lakini maruweruwe ni dalili, kama homa ilivyo dalili, na chanzo chake hutafutwa.

Katika mwambao huu wa ziwa, cha kwanza kushuku ni malaria. Ikipanda kichwani mgonjwa huweweseka, hata mamaye asimtambue, na kila saa inayopotea kwa mganga inaumiza ubongo wake. Mpimeni malaria, mpimeni na sukari.

Halafu kuna tegu wa nguruwe. Watafiti waliwapima nguruwe wa wilaya hii ya Nyasa wakaukuta ugonjwa wa tegu huyo. Matokeo yalichapishwa 2017. Anayekula nyama yao isiyoiva huweza kupata mnyoo huyo tumboni. Mayai ya mnyoo hutoka na kinyesi chake, na yakifika kwenye mikono au mboga humwingia yeyote, hata asiyeonja kitimoto maishani. Lava wake wakijikita ubongoni huleta kifafa, na wapo wanaochanganyikiwa, wakaona yasiyokuwapo. Kwa hiyo choo na banda la nguruwe ni habari za afya ya akili, na inaniuma kwamba hatulisemi hilo mikutanoni.

Vilevile mnywaji wa gongo wa kila siku akiacha ghafla, siku ya pili au ya tatu huweza kutetemeka na kuona wadudu ukutani. Anaweza kufa. Msimfunge kamba, mpelekeni hospitali. Mama aliyejifungua wiki hii, hapati usingizi, anadai mtoto kabadilishwa: naye ni wa dharura usiku huohuo, na yeye na mtoto wasiachwe peke yao. Akitibiwa hupona.

Lakini mjane anayemsikia mumewe aliyezama ziwani akimwita jioni, huku akili yake ni timamu, ana msiba. Kaeni naye.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, ninalo ombi moja: zahanati zisikose vipimo vya malaria na sukari, na mgonjwa wa usiku apate boti ya kumfikisha hospitali ya Liuli.

Baada ya kusema hayo, natamka kwamba mafunzo haya yamefungwa rasmi.