Nguzo inapinda mbele ya kuvunjika



Leo ninaongea na wale wanaosoma ujenzi ku iniversite, na walimu wao, na sisi wote tunaolala chini ya kazi yao.

Kamata late ya plastiki, ile ya santimetre 30. Isimamishe ku meza, uisukume toka juu na kidole. Haivunjike. Inapinda kwanza kwa upande. Plastiki yenyewe ingali nzima, lakini late haibebe tena kitu. Hiyo njo stabilite. Sasa mwenzako aishike katikati na vidole viwili, isitoke upande. Sukuma tena: itabeba karibu mara 4.

Mwalimu aanze hapo. Akianza na tablo yenye kujaa formule, mwanafunzi atazikariri, atapita ekzame, lakini ku shantie hataona hatari. Akisha kuona late ikipinda, umuletee hesabu ya Euler ya mwaka 1744: nguzo nyembamba ikirefuka mara 2, muzigo wa kuipindisha unashuka mara 4. Hataisahau.

Mu 1907, huko Kanada, daraja la Quebec lilianguka lingali linajengwa. Watu 75 walikufa. Vyuma vilivyokuwa vinabanwa vilianza kupinda siku kadhaa mbele. Watu waliona, wakapima, wakaandikiana barua. Kazi iliendelea. Kwa hiyo formule peke yake haitoshe: mwanafunzi afundishwe pia kusema "simamisheni", hata kama mwenye nyumba njo anamulipa.

Hapa kwetu Bukavu, etaje zinapanda ku milima, na tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilituonyesha kama udongo unasukuma hata kwa upande.

Tunaomba vitu viwili. Walimu, mutoe wanafunzi inje, waende ku shantie mbele ya ekzame. Na wewe mwanafunzi, ukifika ku kila nguzo, uliza: ina urefu gani bila kushikiliwa? Ina unene gani? Nini inaizuia isiende upande? Kama hakuna mwenye kujibu, usitie sinyatire.

Diplome ni yako. Lakini nyumba ikianguka, maiti ni zetu sisi wote.