Simu ya Ng'ambo: Ulizeni Kwanza Kama Deni Limeisha

(Mazungumzo ya mweka hazina wa kikundi kimoja cha akina mama katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia)



Nimeombwa niseme machache juu ya simu tunazoletewa na watoto wetu walio ng'ambo. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Mpwa wangu anafanya kazi Marekani. Alipokuja nyumbani kututembelea aliniletea simu nzuri sana. "Shangazi," akasema, "hii itakusaidia na hesabu za kikundi." Nilifurahi! Akarudi zake. Siku nilipotia laini yangu ya hapa, simu ikakataa kabisa. Nikadhani imeharibika. Nikampelekea fundi sokoni, naye akataka shilingi 3,000. Sikuwa nazo zote, nikakopa nusu kwa kikundi. Baada ya wiki mbili akanirudishia simu ile ile, bado imekataa. Pesa nazo zimekwenda.

Simu ile haikuwa mbovu. Ilikuwa imefungwa.

Kwa nini ifungwe? Kule watu wengi hawanunui simu kwa pesa taslimu. Mtu hutia sahihi mkataba na kampuni ya simu, anapewa simu, kisha analipa kidogo kidogo kila mwezi, pengine miaka miwili au zaidi. Kampuni huifunga isikubali laini ya kampuni nyingine mpaka deni liishe. Si sisi pia tuna ng'ombe wa mkopo? Unamlisha, unamkama, lakini kumwuza huwezi mpaka umalize kulipa kikundi. Basi ni hivyo hivyo.

Nchi hazifanani. Canada ilikataza kuuza simu zilizofungwa tangu Desemba 1, 2017. Uingereza ikafanya vivyo hivyo mwezi wa Desemba 2021. Lakini simu ya zamani kutoka huko yaweza kuwa bado imefungwa. Marekani kampuni bado zinafunga. Hata hivyo, sheria ya huko ya mwaka 2014 inamruhusu mwenye simu kufunguliwa ili ahamie kampuni nyingine, mradi ametimiza masharti ya mkataba.

Sasa tufanye nini? Shikeni haya:

1. Kabla simu haijasafiri, mwulize mtoto wako: umemaliza kuilipia? Kama amemaliza, aiombe kampuni yake iifungue. Aliyefunga ndiye mwenye ufunguo.

2. Abonyeze *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15. Hiyo ndiyo namba ya simu yenyewe, si ya laini. Kampuni huiuliza. Nawe iandike kwenye daftari, itakufaa simu ikiibwa.

3. Aijaribu kwa laini ya kampuni nyingine akiwa bado huko. Ikikubali, ni sawa.

4. Simu nyingine hufunguliwa kwa namba za siri kutoka kwa kampuni. Msibahatishe! Ukikosea mara chache, yaweza kukataa namba zote.

5. Aondoe akaunti yake mwenyewe ndani ya simu. Hilo ni kufuli lingine, na kampuni ya laini haiwezi kulifungua.

6. Aangalie kama ina mahali pa kutia laini. Simu za iPhone zinazouzwa Marekani tangu iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina tundu la laini. Laini yake huandikishwa ndani ya simu. Basi uliza kampuni yako ya hapa kama inatoa laini ya namna hiyo kabla ya kuipokea.

Na kama simu imeshafika? Usikimbilie sokoni. Mpigie aliyekuletea. Mkataba uko kwa jina lake, kwa hivyo yeye ndiye atakayeomba. Mara nyingi kazi hiyo hufanywa kwa intaneti, na simu yako haitoki nyumbani.

Mimi nilipompigia mpwa wangu, alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Shangazi, bado nadaiwa miezi minne." Hakujua kwamba deni lake lingenifuata mpaka huku kijijini. Alipomaliza kulipa aliomba, na baada ya siku chache laini yangu ikashika. Hakuna aliyenidai hata senti. Leo michango ya wanachama inaingia kwa simu hiyo hiyo.

Lakini zile 3,000 za fundi hazikurudi. Deni la kikundi nimelilipa kwa kuuza kuku wangu, na mweka hazina kudaiwa na kikundi chake si jambo la kuchekesha. Ndiyo sababu nimesimama hapa.

Basi tunapoletewa zawadi tushukuru, kisha tuulize: deni limeisha? Kuuliza si utovu wa adabu.

 Mwenye swali aulize.