Saa Kumi na Moja ni Saa Kumi na Moja

Saa zetu hapa studio zinasoma saa kumi na moja kasoro robo, na haya ni maoni ya redio.

Mwongozo wa mikopo ya elimu ya juu umetoka, na dirisha la maombi ya vyuo liko wazi. Tangazo hilo mmelisikia kwenye taarifa ya habari, mmelisikia tena kwenye uchambuzi wa magazeti, na wazazi wenye vijana waliomaliza kidato cha sita wameshaanza kuhangaikia vyeti vya kuzaliwa. Hatutarudia. Jioni hii tunamsemea mtu ambaye tangazo hilo limempita kama gari la mwendokasi la moja kwa moja linavyompita abiria aliyesimama kituo kidogo. Mtu huyo ana kazi, na ana daftari. Mchana yuko kazini, jioni yuko darasani.

Mwongozo ule una sharti tulilolizoea: mwombaji wa mkopo asiwe na ajira inayomwingizia kipato. Sawa. Hatugombani na sharti hilo. Mfuko una mwisho wake, na mtoto wa mkulima asiye na mbele wala nyuma atangulie. Lakini basi tuambizane ukweli. Huyu mwenye ajira ada anajilipia mwenyewe. Na kama shahada ya kwanza aliisoma kwa mkopo, asilimia 15 ya mshahara wake inakatwa hata kabla hajaushika. Hamwombi mtu fedha. Anaomba kitu kimoja, nacho hakiigharimu Hazina hata senti: atoke kazini saa ya kutoka kazini. Saa kumi na moja ni saa kumi na moja.

Tumtazame kwa karibu. Chukua binti anayeshika hesabu kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Kariakoo. Ameingia kazini saa mbili asubuhi. Ikifika saa kumi na moja kasoro dakika kumi ameshalinganisha risiti na fedha za kaunta, kandambili ziko ndani ya mfuko, viatu vya chuo viko miguuni, na vitini vya somo la kodi vimekunjwa mara nne ndani ya mkoba. Darasa ni saa kumi na moja na nusu, barabara ya Bibi Titi. Akitembea haraka anafika. Hapo ndipo bosi anapochungulia mlangoni: "Dada, kabla hujaondoka, nipigie hesabu ya mzigo wa leo. Dakika tano tu."

Dakika tano za bosi! Kila mfanyakazi anazijua. Ndani yake mna dakika arobaini, na siku ya mkosi mna saa mbili. Binti anafika darasani saa moja kasoro robo usiku. Ubao umeshafutwa mara ya kwanza, karatasi ya mahudhurio imeshazunguka na kurudi kwa mhadhiri. Anakaa kiti cha nyuma, anajifuta jasho, anamnong'oneza jirani: "Mmefika wapi?" Nchi hii ina maelfu ya watu wazima wanaosomea shahada kwa swali hilo moja. Mmefika wapi?

Sasa tupige hesabu kidogo. Vyuo vingi vinamtaka mwanafunzi ahudhurie asilimia 75 ya vipindi ndipo akae kwenye mtihani. Somo lenye vipindi viwili kwa wiki, kwa semista ya wiki kumi na tano, lina vipindi 30. Ukikosa saba, bado umo. Ukikosa cha nane, umetoka. Dakika tano za bosi zikijirudia mara nane kuanzia mwanzo wa semista hadi mwisho, ada imeliwa, somo limeanguka, na mwakani binti analirudia na analilipia upya. Mara nane tu. Bosi mwenyewe hatakumbuka hata moja.

Na hizo dakika tano, wasikilizaji, si za bosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki wala 9 kwa siku. Saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, ukitoa saa moja ya chakula, ni saa nane. Siku tano ni saa 40. Ongeza Jumamosi mpaka saa saba mchana, 45 zimetimia. Kuanzia hapo ni saa za ziada. Saa za ziada zinataka makubaliano, zisizidi 50 katika kila wiki nne, na zinalipwa angalau mara moja na nusu. Mara ngapi mmesikia dakika tano zikilipwa mara moja na nusu? Saa kumi na moja ni saa kumi na moja.

Serikalini angalau saa tisa na nusu ofisi zinafungwa. Kilio kiko madukani, viwandani, kwenye kampuni za ulinzi ambako zamu inabadilishwa usiku kwa simu, na kwenye hoteli. Na wapo watakaotujibu: si aache kazi asome? Aache kazi, ada ataitoa wapi? Wengine watasema: si aende Chuo Kikuu Huria? Ndiyo, chuo hicho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kimewafikisha wengi mbali wakiwa kazini. Lakini hata huko mtihani una siku yake na saa yake, na siku hiyo bado bosi anachungulia mlangoni.

Hatukuanza hivi. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973, Rashidi Kawawa akiwa Waziri Mkuu, likatoka agizo kwamba sehemu za kazi ziwe na elimu ya wafanyakazi. Kusoma kwa mfanyakazi kulihesabiwa ni jambo la kazini. Leo limekuwa siri. Mtu anaficha vitini kwenye droo kama aliyeiba. Anaogopa akisema anasoma, ataulizwa: "Unataka kutuhama?" Ndiyo maana mashangazi wa wanafunzi wa jioni hufariki mara tatu kwa semista, na hawaishi kufariki wiki ya mitihani.

Aliyeandika maoni haya naye aliua shangazi wawili. Alisoma jioni akiwa mwajiriwa mahali tusipopataja, akakosa tesiti kwa ajili ya kikao cha dharura kilichoitishwa saa kumi na nusu. Dharura yenyewe ilikuwa kupanga sare za sherehe ya mwisho wa mwaka. Sapu aliifanya, akafaulu. Sare hakuwahi kuivaa.

Basi tuseme waziwazi. Mwajiri, huyo anayesoma uhasibu usiku anakuja kukufungia vitabu vyako vizuri zaidi asubuhi. Umepata elimu bila kulipa ada, umnyime na njia? Mwenye kikao akiitishe saa nne asubuhi. Mwenye mzigo wa kuhesabu auhesabu saa tisa. Walimu wa vyuo, ratiba itoke mapema na ikae ilipo. Tesiti isihamishwe mchana kwa ujumbe wa simu ifanyike jioni ile ile. Wabunge, mkiifungua tena sheria hiyo ya kazi, mkumbukeni mwenye daftari, aandikiwe haki ya siku ya mtihani ili asiiombe kama sadaka.

Nanyi mnaosoma, acheni kuua mashangazi! Andikeni barua. Ambatanisheni ratiba ya vipindi na tarehe za mitihani, mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Anayeomba kwa maandishi ni vigumu kumfukuzia mlangoni. Msisome kwa kujificha. Hamjaiba!

Sasa ni saa kumi na moja kasoro dakika saba. Bosi unayetusikiliza ukiwa ofisini, inua macho. Kama kuna mtu hapo amepakata mkoba na anatazama saa ya ukutani, usimwambie dakika tano. Mwambie: nenda, utachelewa.