Boti Kuukuu ya Fibaglasi: Msidanganywe na Ganda la Nje

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya kando ya Ziwa Naivasha



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya boti ambayo wengi wenu mmeiona pale uwanjani, imefunikwa turubai. Kikundi cha vijana kilipewa bure na mwenye shamba aliyekuwa akihama. Ni boti ya zamani ya mchezo wa kuteleza juu ya maji, ule wa mtu kufunga mbao miguuni na kuvutwa kwa kamba. Vijana walipokuja ofisini walikuwa na furaha kubwa. Walisema, "Fibaglasi haiozi. Tutapaka rangi, tutajaza petroli, tuanze kubeba wageni wiki ijayo." Akiba yao ya miaka miwili walitaka kuimaliza kwa rangi, viti na petroli. Tukawaambia, hebu ngojeni kwanza.

Ni kweli kwamba fibaglasi haiozi. Lakini boti ya fibaglasi huoza, na watu hufa maji kwa sababu hawakuelewa tofauti hiyo.

Mchezo huu ulianza Marekani. Mwaka 1922 kijana aitwaye Ralph Samuelson alivutwa na boti katika Ziwa Pepin, jimbo la Minnesota, akasimama juu ya mbao zake. Baadaye yakaja makampuni ya kuunda boti za kazi hiyo tu. Kampuni ya Correct Craft ya Florida ilianza mwaka 1961 kuunda Ski Nautique ya fibaglasi, na MasterCraft ikaanza huko Tennessee mwaka 1968. Nyingi za boti hizi zina urefu wa futi 19 hivi, na injini kubwa ya petroli iko katikati. Sehemu ya chini upande wa nyuma ni bapa, ili wimbi linaloachwa nyuma liwe dogo, maana wimbi kubwa humsumbua anayevutwa. Shikeni jambo hilo la ubapa, tutalirudia.

Sasa tuingie ndani. Fibaglasi ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa katika resini, na resini ikikauka huwa gumu. Lakini ganda peke yake hulegea kama beseni la plastiki. Basi waundaji wa miaka ile waliweka ndani mihimili mirefu ya mbao kutoka mbele hadi nyuma, wakaifunika kwa fibaglasi. Juu yake wakaweka sakafu ya plaiwudi, na katikati ya mihimili wakajaza povu gumu ili boti isizame. Injini yenyewe wakaifunga kwa boliti juu ya mihimili hiyo.

Kazi ilikuwa nzuri, lakini kila boliti na kila skrubu ni tundu. Maji hupita taratibu kandokando ya skrubu mpaka kwenye ubao. Ubao umefungiwa ndani, hauoni jua wala upepo, basi haukauki tena. Povu nalo hunywa maji mwaka baada ya mwaka. Utaona nje kunang'aa, kumbe ndani ni udongo mweusi, na boti imeongezeka uzito wa mamia ya kilo ambao hakuna aliyeuweka. Huko Marekani wenye boti za namna hii za miaka ya 1970 na 1980 wamezipasua sakafu na kukuta hali hiyohiyo.

Mtajuaje kabla ya kutoa pesa? Njia ya kwanza ni nyundo ndogo. Gonga sakafu na mihimili polepole, usikilize. Mahali pazima hulia kwa sauti kali, mahali palipooza husema "du", kama kugonga boga bovu. Njia ya pili ni boliti za injini. Zikizunguka bure bila kukaza, ubao umekwisha. Ya tatu, toboa tundu dogo juu ya mhimili, uangalie vumbi linalotoka. Likiwa jeupe na kavu, shukuru. Likitoka jeusi lenye maji, mwambie mwenye boti apunguze bei sana, au mwende zenu nyumbani. Ukimaliza kutoboa uzibe tundu lako, usiongeze ugonjwa!

Boti ya vijana wetu ilisema "du" karibu kila mahali.

Kazi ilianza kwa kuishikilia boti. Hili watu hupenda kuliruka, na ndilo linaloharibu zaidi. Ukiondoa mihimili yote kwa pamoja, ganda huanguka kidogo hapa na kupanda kidogo pale, ukiweka mipya umelifunga katika upotovu huo milele. Boti yenye kombo chini haiendi sawa. Kwa hiyo tulitengeneza matumbawe ya mbao ya kuikalia, yaliyochongwa kufuata umbo lake, tukapima kila kitu kwa utepe na kamba, tukaandika katika daftari na kuchora. Halafu tukaondoa upande mmoja tu. Wa pili ungoje mpaka wa kwanza ukauke.

Povu lenye maji lilitoka magunia na magunia. Kijana mmoja akatafuta kiberiti. Hapana! Moshi wa povu la namna hiyo una sumu kali, na moja ya sumu hizo ni sianidi. Usichome, wala usipike chakula kwa mabaki yake. Na vumbi la fibaglasi linalotoka kwenye grainda ni vipande vidogo vya kioo. Vaeni barakoa nzito ya kazi, ile ya kitambaa haitoshi. Vaeni miwani na nguo za mikono mirefu. Akina mama, nguo hizo zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za mtoto. Watoto wasicheze hapo hata grainda ikiwa imezimwa.

Tukija kwenye vifaa vipya, mambo yamebadilika tangu boti hiyo iundwe. Leo mtu halazimiki kurudisha ubao. Mhimili waweza kuwa na moyo wa povu zito lisilonyonya maji, uliozungushiwa tabaka za kitambaa cha kioo. Mtauliza, povu litabebaje injini? Angalieni mwanzi. Nguvu iko kwenye ganda, ndani ni wazi, na bado mnapaulia nyumba. Kazi ya moyo ni kuzishikilia kuta mbili zisikaribiane; uzito unabebwa na kitambaa na resini. Ni pale tu boliti zinapopita ndipo povu halifai, kwa sababu litabonyea. Hapo tumeweka uji mzito wa epoksi na nyuzi za kioo uliokauka kuwa kama jiwe. Na kila tundu la skrubu tunalitoboa kubwa kuliko skrubu, tunalijaza epoksi, likikauka tunalitoboa tena katikati. Hivyo skrubu haigusi tena kitu cha kuoza. Kama tungechagua jambo moja tu la kuwafundisha leo, lingekuwa hilo la tundu.

Wengine watatuambia kuhusu kaboni. Kaboni ni nyepesi na ina nguvu sana, lakini bei yake si ya vikundi vyetu, na ikigusana na alumini penye maji, alumini huliwa. Kitambaa cha kioo kinatosha kabisa.

Resini ziko za aina mbili mtakazokutana nazo. Poliesta ndiyo rahisi na ndiyo iliyotumika kuunda boti yenyewe. Epoksi ni ghali zaidi, lakini hushika vizuri zaidi juu ya fibaglasi ya zamani na juu ya ubao. Kwa kurekebisha boti kuukuu tulichagua epoksi, na hatujutii. Ila ina sheria zake. Hadina ya epoksi hupimwa kama dawa ya mtoto: kama mkebe unasema sehemu 5 kwa 1, ni 5 kwa 1. Mafundi waliozoea poliesta huongeza hadina kidogo ili ikauke haraka. Kwa epoksi kuongeza ni kuiharibu, itabaki laini siku zote. Hapa Naivasha tuko juu, karibu mita 1,900, asubuhi ni baridi, na epoksi hulala tu. Tulijifunza kungoja jua lipande ndipo tuchanganye. Pia usiiache nyingi ndani ya mkebe mrefu. Hujipasha moto yenyewe mpaka itoe moshi. Imwage kwenye sinia pana, na changanya kidogo kidogo.

Mkeka wa nyuzi zilizokatwakatwa, ule unaouzwa kwa kazi ya poliesta, usitumike na epoksi, kwa kuwa gundi iliyoshikilia nyuzi zake haiyeyuki humo. Tafuta kitambaa kilichofumwa au kushonwa. Penye kona kati ya mhimili na ganda, paka kwanza uji wa epoksi kwa mgongo wa kijiko ili kona iwe ya mviringo, kwa sababu kitambaa cha kioo hakipendi kukunjwa kwa pembe kali. Na kabla ya tabaka jipya juu ya lililokauka, osha kwa maji na usugue kwa msasa, kwani epoksi huweza kuacha utando kama nta usioonekana vizuri. Ngozi ya mtu ikishaikataa epoksi, kila siku atawashwa; vaeni glavu, na msinawe kwa asetoni. Wale watakaotumia poliesta wajue kwamba hadina yake ikiruka jichoni inaweza kupofusha. Oshea maji mengi papo hapo, halafu hospitali.

Tulisema maji yalifungiwa ndani. Safari hii tumeacha mfereji chini, kila chumba kinatoa maji yake mpaka sehemu ya chini kabisa ambayo watu wa pwani huiita ngama, na hapo kuna kizibo cha kufungulia boti ikiwa nchi kavu. Povu jipya la kuelea tutaliweka juu ya mfereji huo. Yale ya zamani yalikaa ndani ya maji kama sifongo, na waliokuwa wakipanda waliamini yanawalinda.

Sasa suala la kazi ya boti. Mweka hazina wa kikundi, dada ambaye huwa hasemi sana, aliuliza swali ambalo wanaume walikuwa wamelikwepa: "Tukimaliza, itakunywa lita ngapi?" Injini kubwa kama hiyo ikikimbizwa yaweza kunywa lita 20 na zaidi kwa saa. Tena kwa kimo chetu, injini ya kabureta hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake kwa sababu hewa ni nyepesi. Ikienda polepole inakunywa kidogo zaidi. Tulikaa jioni nzima na hesabu hiyo. Kama kikundi kingetuuliza kama kinunue boti ya namna hii kwa pesa zake, tungesema hapana bila kusita. Hii walipewa, na mikono ni yao wenyewe, ndiyo maana hesabu ilikubali, tena kwa shida.

Na ule ubapa. Boti hii iliundwa kwa maji yaliyotulia. Pembe zake ni fupi, na chini kwake hupiga wimbi badala ya kulikata. Mnajua upepo wa ziwa letu baada ya saa sita mchana. Tena tangu ziwa lilipopanda mwaka 2020 iko miti mingi iliyosimama ndani ya maji, na mingine haionekani. Baadhi ya vijana walitaka kubeba watu kumi kama boti za jirani. Tulibishana, hatukuficha. Mwishowe wanakikundi wenyewe waliandika katika kumbukumbu: abiria watano, kila mmoja na jaketi la kuokolea lililofungwa kabla ya kamba kufunguliwa, safari za asubuhi tu, na hakuna kukimbia karibu na viboko. Kabla ya abiria wa kwanza, chombo kitakaguliwa na kusajiliwa na Kenya Maritime Authority. Mmoja alisema masharti hayo yatapunguza mapato. Ni kweli, yatapunguza.

Hivi leo mhimili wa kulia umekwisha na umekauka. Wa kushoto umeondolewa wiki iliyopita, ganda liko wazi, na ubao mbovu tumeuweka kando makusudi ili muushike kwa mikono yenu. Sakafu haitafungwa kabla ya mwisho wa mwezi. Rangi itakuwa ya mwisho, na lazima ipakwe, kwa kuwa jua hula epoksi isiyofunikwa. Vikundi vinavyotaka kuona vije Jumamosi saa nne asubuhi, jua likishapanda. Njooni na nyundo ndogo, mgonge upande wa kulia, kisha mgonge vipande vya zamani.