Kisukari: Usichanganye Dawa na Mitishamba Kimyakimya



Mitishamba si ya kudharauliwa. Metformini, kidonge wanachopewa wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili, chimbuko lake ni mmea wa galega. Ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1957. Lakini kidonge kina kipimo chake. Kikombe cha uwatu au shubiri hakina.

Uwatu huweza kushusha sukari mwilini, na glibenklamidi pia huishusha. Vikikutana, hasa mgonjwa akiwa hajala, sukari yaweza kushuka mno: atetemeke, atokwe jasho, achanganyikiwe, hata azimie. Utomvu wa shubiri nao huharisha, na kwenye joto la huku mwili hukauka upesi.

Mgonjwa akianza kutetemeka, na bado anaweza kumeza, apewe maji ya sukari mara moja, kisha apelekwe kituo cha afya. Akizimia, asinyweshwe chochote, akimbizwe hospitalini.

Mgonjwa asiache vidonge kwa uamuzi wake. Anayetumia mitishamba aende nayo kliniki, aseme anakunywa kiasi gani. Anayenuia kufunga Ramadhani amwone daktari mapema.